Mgema Peke Yake Juu ya Mnazi

Kwa miaka miwili nilikuwa mtunza ufunguo. Sikuwa mwenyekiti wala mweka hazina wala katibu. Nilikuwa mtunza ufunguo tu, mmoja kati ya watatu. Walioko kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, wanajua ninachosema: sanduku la chuma lina kufuli tatu, kila kufuli na mtu wake, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Jumamosi moja nikaenda Morogoro msibani. Nilipofika ndipo nikagundua ufunguo uko mfukoni mwa suruali niliyovaa. Wanachama 25 walikaa uani kwa Mama Mwenyekiti kuanzia saa kumi mpaka adhana ya magharibi, wakilitazama sanduku. Kuna mtu siku hiyo alikuja kuchukua mkopo wa ada ya mtoto. Niliporudi hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Mama Mwenyekiti alisema neno moja tu: "Mwanangu, ufunguo hausafiri."

Basi fikiria nilivyoshtuka, miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nasoma habari za kiwanda cha sarafu cha wafalme wa Uingereza na kukutana na sanduku langu lilelile. Kiwanda hicho kilikaa ndani ya ngome ya Tower of London kwa zaidi ya miaka 500. Humo mlikuwa na kasha lenye kufuli, na funguo zake zilikuwa kwa wakubwa watatu tofauti. Wa kwanza alikuwa Mwangalizi, mtu wa mfalme, kazi yake kulinda maslahi ya mfalme. Wa pili alikuwa Mkuu wa Kiwanda, ambaye kusema kweli alikuwa mkandarasi: alitia saini mkataba na mfalme kwamba atatengeneza sarafu za uzito huu na usafi huu, naye alipwe kwa kadiri ya fedha iliyopita mikononi mwake. Wa tatu alikuwa Mkaguzi, na kazi yake ilikuwa kuwachunga hao wawili. Ni kikoba kabisa, ila hiki kilikuwa cha taifa zima.

Tangu hapo nimekuwa nikiwafuatilia hawa Wakuu wa Kiwanda kama mtu mwingine anavyofuatilia ligi. Si sarafu zinazonivutia. Kinachonivutia ni jinsi watu walivyohangaika, karne baada ya karne, na swali moja: utamwaminije mtu ambaye kazi yake ni kushika mali ya kila mtu ikiwa bado imeyeyuka?

Tuna methali yetu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimeisikia tangu utotoni na siku zote imelaumu sifa. Siku hizi nadhani imemwonea mwenye kusifu. Mgema hutia maji kwa sababu yuko peke yake juu ya mnazi. Waliokaa chini wanasubiri kibuyu kishuke, wala hawajui kilichotokea huko kwenye makuti. Mtu wa sarafu ni mgema wa namna hiyo. Ukimpa fedha safi akachanganya shaba kidogo, kidogo sana, hakuna jicho la muuza samaki litakaloona. Na hapa Kiswahili kinakumbuka jambo ambalo wengi tumelisahau: fedha ni jina la madini kabla ya kuwa jina la pesa. Mtu aliposema ana fedha, alikuwa na kipande cha madini cha kupimwa kwenye mizani.

Waingereza wa kale walijaribu kwanza njia rahisi, ya kumwandika mgema jina lake kwenye kibuyu. Kila peni ya fedha ilibeba kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande wa pili jina la fundi aliyeipiga chapa pamoja na mji wake. Peni ikionekana mbovu sokoni, huna haja ya kuuliza nani kaifanya. Unasoma tu.

Njia hiyo ilifika mwisho wake mbaya mwaka 1124. Mfalme Henry wa Kwanza alikuwa Normandy vitani, askari wake wakalalamika kwamba peni walizolipwa hazinunui kitu. Akatuma amri Uingereza, na mafundi wa sarafu wa nchi nzima wakaitwa mjini Winchester wakati wa Krismasi. Walipofika wakachukuliwa mmoja mmoja, wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa. Kazi yote ikamalizika kabla siku 12 za Krismasi hazijaisha. Mtawa mmoja wa Peterborough aliyekuwa akiandika matukio ya kila mwaka alisema ilikuwa haki tupu, kwa kuwa watu hao walikuwa wameiharibu nchi kwa udanganyifu wao. Ninaposoma sentensi hiyo sipati ndani yake hata tone la huruma. Huyo mtawa lazima alikuwa amenunua kitu kwa peni mbovu.

Kukata mikono hakukumaliza jambo, maana mikono mipya ilikuja. Mwaka 1279 Edward wa Kwanza akabadilisha mpango. Akamweka mtu mmoja, William de Turnemire wa Marseille, kuwa mkuu wa sarafu zote za nchi, na majina ya mafundi yakaondoka kwenye peni. Badala ya wagema wengi, kila mmoja na mnazi wake, sasa mgema akawa mmoja. Hilo lilirahisisha kazi, lakini liliongeza hatari, na haikuchukua miaka mingi kabla hawajaongeza kitu ambacho mimi nakiona ndicho chenye akili kuliko vyote.

Kilianza kuonekana kwenye amri za mwaka 1282. Kati ya sarafu zinazotoka kiwandani, chache zinachukuliwa bila kuchaguliwa na kutumbukizwa kwenye kasha, na kasha linafungwa. Baada ya muda linafunguliwa mbele ya baraza la watu, sarafu zinapimwa uzito, zinayeyushwa, na madini yake yanalinganishwa na kipande cha madini safi kilichohifadhiwa mahali pengine kwa kazi hiyo tu. Zikipungua, Mkuu wa Kiwanda anajibu yeye binafsi. Na wapimaji ni nani? Masonara wa London. Yaani wanaume wanaojua kila ujanja wa kuchanganya madini kwa sababu wenyewe ndio kazi yao, tena ambao hawampendi sana Mkuu wa Kiwanda, mnunuzi mwenzao wa dhahabu na fedha. Jaribio hilo linafanyika hadi leo, kila mwaka, kwenye jumba la masonara. Wanaliita Trial of the Pyx, na pyx maana yake ni kasha tu.

Lakini kasha halimsaidii mtu kama mwizi ni mwenye nchi. Kuanzia mwaka 1544 Henry wa Nane, akiwa na vita na madeni, aliamuru fedha ipunguzwe ndani ya sarafu. Sarafu ambayo zamani ilikuwa fedha kwa zaidi ya asilimia 92 ikashuka mpaka theluthi moja, na chini ya mwanawe ikafika robo. Kwa kuwa sura ya mfalme ilichongwa ikitazama mbele, pua ndiyo iliyojitokeza, na kila mkono uliposugua, ngozi nyembamba ya fedha ilitoka kwanza puani na shaba ikachungulia. Watu wakamwita Pua ya Shaba. Sijui kama kuna mtawala mwingine aliyewahi kuumbuliwa na pua yake mwenyewe mfukoni mwa kila raia.

Na mfalme akichota, wa chini atazuiwa na nini? Kiwanda kilifunguliwa Bristol mwaka 1546 na kukabidhiwa William Sharington. Huyu bwana alipiga sarafu za ziada ambazo hazikuandikwa popote, akanyoa nyingine kingo zake, akabakiwa na mabaki, halafu akateketeza vitabu vya hesabu. Kwa sehemu ya fedha hizo alimfadhili Thomas Seymour, mjomba wa mfalme mtoto, aliyekuwa na njama zake. Mwaka 1549 wakakamatwa. Seymour alikatwa kichwa. Sharington alikiri kila kitu, akasamehewa, akalipa na kurudishiwa mashamba yake, na mwaka 1552 akawa mkuu wa serikali wa jimbo lake la Wiltshire. Jumba lake la Lacock bado lipo na watalii wanalipa kiingilio kuliona. Niliposimulia kisa hiki kwenye kikao cha kikoba, mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama Sharington alikuwa mtu wa kwao.

Tukija karne ya 17 ndipo tunamkuta niliyemtaka tangu mwanzo. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili amemsoma Isaac Newton, yule wa kanuni tatu na tufaha. Waalimu wetu hawakutuambia kwamba miaka 30 ya mwisho ya maisha yake alikuwa ofisa wa sarafu.

Aliipata kazi hiyo kwa kujuana. Machi 1696 rafiki yake Charles Montagu, aliyekuwa akishika hazina ya nchi, alimwandikia kwamba nafasi ya Mwangalizi ipo wazi, ina thamani ya pauni mia tano au sita kwa mwaka, na haina shughuli nyingi za kumtaka mtu ahudhurie zaidi ya anavyoweza. Kwa lugha ya mtaani: njoo ule mshahara. Newton alikuwa na umri wa miaka 53, amechoka na Cambridge. Akaja London. Tatizo ni kwamba alikuwa mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti bila kujua kiti kimeungwaje.

Nchi ilikuwa taabani. Sarafu za zamani zilizopigwa kwa nyundo hazikuwa duara kamili, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakizinyoa kingo na kuyeyusha vipande, hata nyingi zikabaki na karibu nusu ya uzito wake. Sarafu mpya za mashine, zenye ukingo uliopigwa meno au maneno ili mnyoaji aonekane, zilikuwapo tangu miaka ya 1660, ila hazikuonekana sokoni. Nani alipe kwa sarafu nzima wakati mbovu inapokelewa kwa bei ileile? Nzima ziliwekwa chini ya godoro, au ziliyeyushwa na kuuzwa ng'ambo. Bunge likaamua sarafu zote za zamani zikusanywe na kutengenezwa upya.

Mkuu wa Kiwanda wakati huo alikuwa Thomas Neale, mtu ambaye cheo chake kingine kilikuwa kusimamia michezo ya kamari katika jumba la mfalme. Sitii chumvi. Alikuwa pia mwendesha bahati nasibu. Kiwandani alionekana kwa nadra, ila malipo yake kwa kila ratili ya fedha iliyopigwa chapa aliyapokea bila kukosa. Newton, ambaye kwa cheo hakupaswa kusimamia uzalishaji, akaushika. Akaanza kuhesabu. Nimesoma hesabu zake na zina ladha ya mtu aliyepata furaha yake: vinu viwili vya kubapisha fedha vinataka farasi 12, mashine mbili za kupiga chapa zinataka vibarua 14 wa kuzivuta, na kwa mpango huo utapata sarafu za pauni 3,000 kwa siku. Mashine ilipiga mara 50 hadi 55 kwa dakika, polepole kidogo kuliko moyo wa mtu aliyetulia. Kati ya pigo na pigo, kibarua mmoja aliingiza vidole kuondoa sarafu iliyopigwa na kuweka kipande kipya. Viwanda vya muda vilifunguliwa Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York. Kule Chester akapelekwa Edmond Halley, huyu ambaye nyota ya mkia imepewa jina lake, na aliishia kugombana na makarani. Kufikia 1698 kazi ilikuwa imekwisha.

Sehemu ya pili ya kazi ya Mwangalizi ilikuwa kukamata wanaoghushi sarafu, na hiyo Newton aliichukia. Mwaka ule wa kwanza aliiandikia hazina akiomba aondolewe, akieleza kwamba mashahidi wanalipwa pauni 40 kwa kila anayetiwa hatiani, hivyo mahakama haiwaamini, na jina la ofisa linachafuka. Ombi likakataliwa. Basi akaifanya kama alivyofanya kila kitu. Akaajiri wapelelezi, akalipia vinywaji vilabuni, akaenda mwenyewe kuwahoji wafungwa. Kati ya katikati ya 1698 na mwisho wa 1699 alifanya mahojiano zaidi ya 100. Uzeeni alichoma masanduku ya karatasi za mahojiano hayo, na sehemu hii ndiyo hunifanya nimwone binadamu: yapo mambo aliyoyasikia ambayo hakutaka yabaki. Kughushi sarafu kulihesabiwa uhaini. Mwanamume alinyongwa, mwanamke alichomwa moto.

Adui yake mkubwa alikuwa William Chaloner, aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kutengeneza misumari Birmingham. Alipanda mpaka akawa na nguo za kibwana na nyumba nzuri, kwa dhahabu bandia. Lakini tazama alichokifanya mwaka 1697. Alikwenda mbele ya kamati ya Bunge na kusema kwamba kiwanda cha sarafu kimejaa uzembe na wizi, na kwamba yeye anajua namna ya kutengeneza sarafu zisizoghushika. Alichohitaji ni kuruhusiwa kuingia ndani na kupewa vifaa. Kamati ikakubali. Fundi wa kughushi alikuwa anaomba ufunguo, tena kwa hoja nzuri!

Newton alikataa kumfungulia. Akakaa kimya, akakusanya ushahidi kwa mke wa huyu, mshirika wa yule, mfungwa aliyelala chumba kimoja na mtuhumiwa. Machi 1699 Chaloner alihukumiwa. Kutoka jela alimwandikia Newton barua za kulia akimwomba amwokoe. Akanyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, mwezi huohuo.

Desemba mwaka huo Neale alikufa, na Newton akashika nafasi ya Mkuu wa Kiwanda kuanzia siku ya Krismasi, siku aliyotimiza miaka 57. Tangu hapo akawa yeye ndiye anayepimwa na masonara. Mwaka 1710 kasha lilifunguliwa na dhahabu yake ikatangazwa kupungua kidogo. Mtu mwingine angesema samahani. Newton alirudi maabara, akapima, akaja na jibu: dhahabu yangu haikupungua, ila kipande chenu cha kulinganishia, kilichotengenezwa mwaka 1707, kimesafishwa kupita kiasi. Na alikuwa sahihi. Kipande hicho kikawekwa kando, wakarudia cha 1688.

Hata hivyo uaminifu haukuzuia makosa ya kupanga bei. Mwaka 1717, kwa ushauri wake, gini ya dhahabu iliwekwa shilingi 21. Kwa bei hiyo dhahabu ilithaminiwa zaidi ya fedha kuliko ilivyokuwa kwingineko, kwa hiyo fedha ikaendelea kupanda meli kwenda India na China, na Uingereza ikajikuta inaishi kwa dhahabu bila mtu yeyote kuamua hivyo. Alikufa Machi 1727. Aliyerithi cheo chake alikuwa John Conduitt, mume wa binti wa dada yake. Mambo ya ukoo hayakuanza kwetu.

Baada ya hapo orodha inachosha mpaka unapomfikia John Herschel, mtaalamu wa nyota, aliyepewa cheo hicho mwaka 1850. Nadhani walidhani mwanasayansi yeyote ni Newton. Kazi ilimvunja afya, akaondoka 1855. Akafuata mkemia Thomas Graham mpaka alipofariki 1869, na mwaka uliofuata cheo kikakabidhiwa kwa waziri wa fedha awaye yote. Hadi leo waziri huyo wa Uingereza ni Mkuu wa Kiwanda kwa jina, bila kuwa na haja ya kujua dhahabu inayeyuka kwa moto gani.

Kwetu pia kilikuwapo kiwanda, na kiliishi muda mfupi kuliko uongozi wangu wa ufunguo. Wakati wa Vita vya Kwanza meli za Uingereza zilifunga pwani, na serikali ya Wajerumani ikaishiwa sarafu za kulipa askari na wapagazi. Basi katika karakana ya reli Tabora, mahali pa kutengenezea vichwa vya treni, wakaanza kupiga chapa. Shaba nyekundu na ya manjano ikawa hela 20, zenye herufi T chini kuonyesha Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Chapa za chuma zilichongwa na sonara Msinhala, mtu wa Ceylon, na mwaka 1916 zikatoka sarafu za rupia 15 zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, zaidi kidogo ya 16,000. Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 19 mwaka huohuo. Hakukuwa na kasha, wala masonara 12, wala siku ya kupima. Dola ile ikaondoka, neno hela likabaki vinywani mwetu.

Nikitazama noti yetu naona sahihi ya Gavana. Kwenye sarafu hakuna jina la aliyeitengeneza. Ni sura ya kiongozi, mnyama na mwaka, kisha huyo, iko kwa mama muuza maandazi.

Desemba tulivunja kikoba. Siku ya kugawana mhesabu alimwaga sarafu za mia tano juu ya kanga, akawa anazipanga mafungu ya kumi kumi. Kwenye fungu la saba akasita. Akaichukua moja, akaizungusha vidoleni, akaiangusha kwenye sakafu ya saruji. Sote tulisikia. Akaiangusha nyingine kando yake. Kisha akaisukuma ile ya kwanza pembeni ya kanga kwa kidole kimoja, na watunza funguo watatu, nami mtunza wa zamani, tukaangalia chini kwa pamoja.